Safari za Mawe: Tarikhi ya Magofu ya Uingereza

Katika mji mdogo wa Hexham, kaskazini mwa Uingereza, chini ya sakafu ya kanisa lililo kitovu cha mji huo, kuna chumba cha mawe ambacho mtu hukishukia kwa ngazi nyembamba, kichwa amekiinamisha na mkono ameutegemeza ukutani. Na mkono huo, kabla macho hayajazoea kiza, ndio utambuao kwanza kwamba mawe yale hayakuchongwa kwa ajili ya mahali pale. Hapa vidole hukuta nakshi iliyokatwa ghafula katikati, pale hukuta herufi za Kilatini zisizo na mwanzo wala mwisho. Miongoni mwa mawe hayo limo moja lililoandikwa majina ya Kaisari Septimius Severus na wanawe wawili, yule mkubwa ajulikanaye katika tarikhi kwa jina la Caracalla, na mdogo wake Geta. Ila mahali palipokuwa na jina la Geta pamekwanguliwa kwa patasi, na kovu lake liko wazi hata leo.

Jiwe hilo moja latosha kuwa mlango wa habari yote nitakayoieleza. Severus alizaliwa mwaka 145 katika mji wa Leptis Magna, pwani ya nchi iitwayo leo Libya, naye ni mwana wa Afrika aliyepanda hata akakikalia kiti cha enzi cha Rumi. Mwaka 208 alivuka bahari pamoja na wanawe na jeshi kubwa kwenda Britania kupigana na makabila ya kaskazini, na tarehe 4 Februari 211 akafia katika mji wa York, mbali na jua la kwao. Kabla mwaka haujaisha Caracalla alimwua nduguye, kisha akaamuru jina la Geta lifutwe katika kila jiwe la dola. Na amri hiyo, iliyotoka Rumi, ilisafiri hata ikafika Corbridge, mji wa askari karibu na mpaka wa mwisho wa himaya, ambako fundi tusiyemjua alishika nyundo na patasi akaitii. Zikapita karne nne na nusu. Yapata mwaka 674 Askofu Wilfrid alipewa ardhi ya Hexham na Malkia Etheldreda, akaazimia kujenga kanisa la mawe katika nchi ambayo watu wake walizoea kujenga kwa miti. Na kwa kuwa Corbridge, iliyo umbali wa mwendo mfupi tu kutoka hapo, ilikuwa imekwisha kuwa mahame, na mawe yake yalikuwa tayari yamechongwa, hakuwa na sababu ya kwenda kupasua mwamba. Basi jiwe lililoandikwa ili kumtukuza Kaisari, likasahihishwa kwa amri ya mwuaji, likaishia kuwa sehemu ya chumba cha kuhifadhia masalia ya watakatifu.

Watu wengi, wayaonapo magofu ya Uingereza, matao yasiyo na paa na minara iliyopasuka ikisimama katika majani mabichi, husema kuwa hiyo ni kazi ya wakati. Neno hilo ni zuri kulisikia, lakini halikutenda haki. Wakati hauna nyundo. Mvua na barafu huanza kazi yake siku ile mwanadamu alipokwisha kuliondoa paa, na mizizi ya miti huingia katika ufa ambao mkono wa mtu ndio ulioutangulia. Kila gofu katika nchi ile lina siku yake ya kuvunjwa, na mwenye kuvunja, na hoja yake, na warithi wake waliochukua mawe kwenda kujengea. Na apendaye kuyaelewa magofu hana budi kuziuliza habari hizo nne, kama kadhi aulizavyo habari za maiti kabla ya kuigawa mirathi.

Tuanze na Warumi. Walikuja kuitwaa nchi mwaka 43 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, katika zama za Kaisari Claudius, na mwaka 122 Kaisari Hadrian aliamuru ujengwe ukuta wa kukata kisiwa kutoka bahari hata bahari, urefu wa kilometa 117, kuanzia mto Tyne mashariki hadi hori ya Solway magharibi. Katika kila maili ya Kirumi palikuwa na boma dogo lenye lango, na baina ya boma na boma minara miwili ya walinzi, na kwa umbali wa kadiri ngome kubwa za askari. Wadhanio kwamba ukuta huo ulilindwa na watu wa taifa moja hukosea sana. Katika ngome ya South Shields, mdomoni mwa mto Tyne, lilipatikana jiwe la kaburi la kijana aitwaye Victor, ambaye maandiko yasema alikuwa wa taifa la Wamoori, yaani mtu wa kaskazini-magharibi ya Afrika, na umri wake miaka 20. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Numerianus, askari wa farasi wa kikosi kilichoandikwa kwanza huko Hispania, naye Numerianus ndiye aliyemfuata kwa upendo mkubwa hata kaburini. Juu ya maandiko amechongwa Victor mwenyewe, amejinyosha kitandani kama mwenye karamu, na chini ya kitanda mtoto mdogo amtumikiaye anainua kikombe kumpa. Karibu na hapo lilipatikana jiwe jingine, ambalo Barates, mtu wa Palmyra katika nchi ya Shamu, alimwekea mkewe Regina, mwanamke wa Britania aliyekuwa mtumwa wake kabla hajamwacha huru na kumwoa, akafa akiwa na miaka 30. Maandiko ya Kilatini yamechongwa kwa shida, kama kazi ya mtu anayenakili asichokisoma. Lakini chini yake upo mstari mmoja wa Kiaramu, lugha iliyo ndugu wa Kiarabu, unaokwenda kutoka kulia hadi kushoto, umechongwa kwa uzuri na kwa uhodari, na neno lake la mwisho ni kilio.

Mnamo mwaka 410 utawala wa Rumi ulikoma katika kisiwa hicho. Ngome zile na mabafu na majumba hayakuanguka siku moja, ila yalikosa wenyewe, na jengo lisilo mwenyewe ni machimbo ya mawe kwa kila apitaye. Kanisa kuu la St Albans lina mnara uliojengwa kwa matofali ya mji wa Kirumi wa Verulamium, ulio bondeni chini yake. Na watawa wa Lanercost, walipojenga katika karne ya kumi na mbili, walichukua mawe ya Ukuta wa Hadrian uliokuwa karibu nao. Mahali pengine hawakuyahamisha mawe. Waliingia tu ndani yake kama kaa aingiavyo katika kombe lisilo mwenyewe. Huko Pevensey, pwani ya kusini, Warumi walijenga ngome kubwa mwishoni mwa karne ya tatu ili kuzuia maadui watokao baharini. Na tarehe 28 Septemba 1066 ndipo hapo hapo aliposhuka adui mkubwa kuliko wote, William Mtawala wa Normandia, akayakuta makuta yangali yamesimama, akapiga boma lake ndani yake kabla hajakwenda Hastings kuutwaa ufalme. Warithi wake wakajenga humo husuni ya mawe yenye minara. Kisha mwaka 1940, Uingereza ilipongoja kuvamiwa na Wajerumani, askari walijenga katika magofu hayo vibanda vya bunduki za rashasha, wakavivika mawe ya kale ili ndege za adui zisivitambue. Ukuta mmoja, maadui wa zama tatu, na kila mmoja alitumikiwa na kazi ya aliyemtangulia.

Sasa twafikia abasia, na hapa ndipo habari inapokuwa nzito. Abasia ni nyumba ya watawa wanaoishi pamoja chini ya abate na kanuni moja, wakigawa siku baina ya sala na kazi. Matajiri na wafalme walizipa mashamba, malisho, mito ya samaki na vinu, kwa sharti kwamba watawa wawaombee wao na wazee wao milele. Na msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi nikisema kwamba huo ulikuwa wakfu, mali iliyofungwa isiuzwe wala isirithiwe. Mwaka 1132 watawa wa shirika la Wasitoo, waliotumwa kutoka Ufaransa na Mtakatifu Bernard wa Clairvaux, waliingia katika bonde la mto Rye huko Yorkshire, bonde la msitu na upweke, wakaanzisha nyumba ya Rievaulx. Chini ya abate wao Aelred, aliyewaongoza tangu mwaka 1147 hadi alipofariki mwaka 1167, mwandishi wa maisha yake alihesabu watawa 140 na mabradha na watumishi 500, wengi hata wakajaa kanisani siku za sikukuu kama nyuki ndani ya mzinga. Walifuga kondoo, wakauza sufi ngʼambo, wakajenga kanisa ambalo kuta zake, hata leo bila paa, humfanya aingiaye ashushe sauti.

Nyumba za namna hiyo, kubwa na ndogo, za wanaume na za wanawake, zilifika kama 800 katika Uingereza na Welisi, na katika muda wa miaka minne hazikubaki. Mfalme Henry wa Nane, aliyetaka kumwacha mkewe akakataliwa na Papa, alijitangaza mwaka 1534 kuwa mkuu wa kanisa la nchi yake. Na mwaka uliofuata waziri wake Thomas Cromwell alituma makarani kuandika mapato ya kila nyumba, hata tukaona kwamba daftari lilitangulia nyundo. Mwaka 1536 sheria ikazifunga nyumba zenye mapato yasiyofika pauni 200 kwa mwaka. Watu wa kaskazini waliinuka kupinga, wakavunjwa nguvu na viongozi wao wakauawa. Kisha zamu ya nyumba kubwa ikafika. Maofisa wa mfalme waliwakusanya watawa katika ukumbi wao wa baraza, hati ya kusalimisha nyumba ikasomwa, abate akaweka sahihi, muhuri wa nyumba ukapigwa kwa mara ya mwisho, na watawa wakatoka langoni na ahadi ya posho ya kila mwaka. Aliyekaidi alijua jaza yake: Richard Whiting, abate mzee wa Glastonbury, alinyongwa tarehe 15 Novemba 1539 juu ya kilima kinachoitazama abasia yake, na watawa wawili pamoja naye. Nyumba ya mwisho, Waltham, ilisalimu amri mwezi wa Machi mwaka 1540. Na mwezi wa Julai mwaka huo huo Cromwell mwenyewe alikatwa kichwa kwa amri ya bwana aliyemtumikia.

Ardhi iliuzwa au ilitolewa zawadi kwa wakubwa. Dhahabu na fedha za madhabahu ziliingia katika hazina ya mfalme. Na kengele na risasi pia zilikuwa haki yake. Msomaji na aifahamu vema habari ya risasi, maana ndiyo iliyoyafanya magofu. Mapaa ya abasia yaliezekwa kwa madini hayo, mabamba mazito yenye thamani, na njia ya upesi ya kuyachukua ilikuwa kuyabandua, kuyayeyusha papo hapo kwa moto uliowashwa ndani ya kanisa, na kuyamimina yawe mikuo iliyopigwa chapa ya mfalme. Paa likiisha kwenda, jengo limekwisha hukumiwa. Yaliyobaki ni ya mvua.

Habari ya siku hizo tunayo kwa kinywa cha watu waliokuwa karibu nazo. Abasia ya Roche, kusini mwa Yorkshire, ilisalimu amri mwezi wa Juni mwaka 1538, na kasisi wa jirani aitwaye Michael Sherbrook, aliyekuwa mtoto siku hizo, aliandika baadaye mambo aliyoyasikia kwa amu yake aliyekuwapo na kwa baba yake aliyenunua sehemu ya mbao za kanisa. Aeleza kwamba viti ambavyo watawa walikaa kuimba zaburi viling'olewa vikatiwa motoni ili kuyeyushia risasi, ingawa msitu ulikuwa hatua chache kutoka hapo. Na kwamba watu wa vijijini, ambao juzi walipiga magoti katika kanisa lile, walikuja kuchukua milango, vyuma vya madirisha, vitabu vya sala na misumari ya ukutani. Miaka thelathini ilipopita, mwana alimwuliza baba yake kama aliwaona watawa wale kuwa watu wema. Baba akajibu kuwa ndiyo, kwani hakuona sababu ya kuwaona vinginevyo. Basi ilikuwaje, akauliza, ukashiriki katika kuwavunjia nyumba? Mzee akajibu kwamba aliona kila kitu kinakwenda, na kama wengine walipata sehemu yao, kwa nini yeye asipate. Akafanya kama wenziwe walivyofanya. Wahenga wetu waliliona jambo hilo walipotuachia maneno mawili, kufa kufaana. Mimi siwezi kuyasoma mazungumzo hayo ya baba na mwana bila huzuni, kwani yaonyesha kuwa nyumba ya karne nne yaweza kubomolewa na watu wasio na chuki nayo hata chembe, ikiwa kila mmoja ataona kuwa mwenziwe amekwisha kuanza.

Ngome nazo zilipata siku yao karne moja baadaye, Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge walipopigana tangu mwaka 1642. Makuta yaliyojengwa zama za mishale yalithubutu kusimama mbele ya mizinga, na kwa kuwa yalisimama vizuri mno, Bunge liliposhinda liliamuru yavunjwe ili yasije yakamkinga mwasi mwingine. Watu wa Pontefract, ambao ngome yao ilizingirwa mara tatu na mji wao ukaumia kila mara, waliomba wenyewe kwa maandishi ibomolewe, nayo ikabomolewa mwaka 1649. Lakini mfano mkubwa ni Corfe, katika jimbo la Dorset, ngome iliyokaa juu ya kilima kirefu kama mlinzi wa njia. Ililindwa na Bibi Mary Bankes, ambaye mumewe alikuwa upande wa mfalme. Mwaka 1643 aliwafukuza waliouzingira mlima wake, na ilikuwa hiana ya mmoja wa maofisa wa ndani, aliyewaingiza adui kana kwamba ni askari wa msaada, ndiyo iliyoufungua mlango mwaka 1646. Washindi walimwachia bibi huyo funguo za ngome kwa kuuheshimu ushujaa wake, kisha wakaivunja ngome yenyewe. Wachimbaji walifukua misingi na kuijaza baruti. Leo mgeni apandaye kilima hicho huona lango ambalo nusu yake imeteleza chini ya mwenziwe hali ingali imesimama wima, ufa ukipita kati. Na chini, katika kijiji, huona nyumba za wakulima zenye mawe mazuri kupita kadiri ya mkulima, naye hana haja ya kuuliza yalikotoka. Funguo zingali zimetundikwa katika nyumba ya Kingston Lacy, ambayo ukoo wa Bankes ulijijengea baadaye.

Hata Ukuta wa Hadrian haukupona. Baada ya uasi mmoja uliozuka nchini mwaka 1745 serikali ilitaka barabara ya kupitishia mizinga baina ya Newcastle na Carlisle, na wajenzi wake, kwa maili nyingi, waliuangusha ukuta wakauponda uwe kitanda cha barabara. Wakulima walichukua uliobaki. Mwaka 1801 mzee mmoja wa Birmingham, William Hutton, mwuza vitabu aliyekuwa katika mwaka wa 78 wa umri wake, alitoka kwao kwa miguu akaenda kuutembea ukuta wote mwanzo hata mwisho, akarudi kwa miguu. Huko Planetrees alikuta watu wa mwenye shamba wakiubomoa ili ijengwe nyumba, naye mzee huyo, mgeni asiye na cheo wala amri, akalia machozi akamtumia mwenye shamba ujumbe wa kumsihi aache. Kipande kidogo kingali kimesimama mahali hapo. Ni kifupi, mtu hukipita kwa hatua chache. Nami nakiona kuwa kimoja cha vitu vyenye thamani katika nchi ile, kwa sababu hapo kwanza twaweza kumwonyesha mtu aliyesimama baina ya jiwe na mwenye kulichukua.

Wengine walimfuata, wenye uwezo kuliko yeye. John Clayton, mwanasheria na karani wa mji wa Newcastle, alianza mwaka 1834 kununua mashamba yenye ukuta, moja baada ya jingine, akafa mwaka 1890 amekwisha kuokoa sehemu zilizo bora kuliko zote tuzionazo leo. Mwaka 1882 Bwana John Lubbock, baada ya kukataliwa Bungeni miaka mingi na watu walioona kwamba mwenye shamba ana haki ya kuvunja kilicho chake, alipitisha sheria ya kwanza ya kuhifadhi athari za kale, nayo ilianza na orodha ya mahali 68 katika Britania na Ayalandi. Orodha hiyo ilikuwa ya makaburi na mawe ya zama za kabla ya maandishi. Ngome na abasia hazikuwamo, wala sheria haikumlazimisha mtu. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari sasa lilikuwa limefunguliwa. Makarani wa Cromwell waliandika ili wavunje. Makarani hawa waliandika ili wazuie. Sheria ya mwaka 1913 ikaipa serikali nguvu ya kumkataza mwenye mali asiharibu, na mwaka 1931 ikaongezwa nyingine, wakati wachimbaji wa mawe walipoukaribia Ukuta wa Hadrian tena.

Nyumba ya Rievaulx iliingia katika ulinzi wa serikali mwaka 1917. Vita Kuu ilipokwisha, watu waliajiriwa kuondoa kifusi kilichokuwa kimelala humo tangu zama za Mfalme Henry. Na upande wa magharibi wa kanisa, chini ya mawe ya dirisha lililoanguka, walikuta mikuo ya risasi yenye chapa ya mfalme, ile ile iliyoyeyushwa kutoka katika paa mwaka wa kusalimu amri, ambayo ukuta uliiangukia kabla haijapakiwa, ikakaa hapo karibu miaka mia nne, haikufika hazinani.

Wakati huo huo, katika kanisa kuu la York, mafundi walikuwa wakilitengeneza upya dirisha liitwalo la Dada Watano, nguzo tano ndefu za vioo vya kijivu vya karne ya kumi na tatu, vilivyoondolewa wakati wa vita kwa kuogopa mabomu. Vioo vya namna hiyo hushikwa pamoja kwa vijiti vya risasi, na vijiti vya zamani vilikuwa vimechoka. Basi mikuo ya Rievaulx ikachukuliwa York, ikatiwa motoni kwa mara ya pili, ikavutwa ikawa vijiti vyembamba, na mwaka 1925 dirisha likawekwa wakfu kuwa ukumbusho wa wanawake wa himaya waliokufa katika vita. Jua liingiapo hupita katika vioo hivyo vya kijivu, na kila kipande kimezungukwa na mstari mweusi wa risasi iliyobanduliwa kutoka juu ya vichwa vya watawa, na ambayo sasa imerudi kanisani.